Nilisevu Peji, Nikaacha Picha Saiba

Wasee, nianze na aibu yangu. Nikiwa Form Three tulipewa insha ya historia: andika kuhusu tukio lililobadilisha mji wenu. Nikachagua Januari 2008, hapa hapa Nakuru. Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu na sikumbuki kitu, ila mama husema tulilala Showground na watu wengine wengi waliokimbia makwao. Akifika hapo hubadilisha stori.

Nikaingia saiba moja taoni, nikapata peji moto sana, ushuhuda wa watu pamoja na picha. Nikabonyeza sevu, nikakopi faili kwa fleshi, nikalipa, nikashika njia. Nyumbani nafungua, maandishi yapo, lakini kila mahali pa picha ni kiboksi kitupu. Nikadhani ni virusi. Nilipoitafuta ile peji mwaka uliofuata, haikuwepo tena.

Kumbe faili ya HTML ni maandishi na maagizo tu. Inaambia brauza, "hapa weka picha fulani, iko mahali fulani." Picha yenyewe haimo ndani. Ndio maana ukisevu peji nzima kwa kompyuta unapata vitu viwili, faili na folda jirani ambayo jina lake linaishia na "_files". Mimi nilibeba kimoja. Picha zilibaki kwa mashine ya saiba.

Watu waliliona hilo tatizo zamani. Mwaka 1999 kulitoka kanuni ya MHTML, inayofunga maandishi na picha kwa faili moja, vile barua pepe hubeba viambatisho. Ukidownload peji na Chrome kwa simu ya Android, hiyo ndiyo unapata. Lakini jaribu kumtumia beshte yako kwa WhatsApp, mara nyingi simu yake haijui ifungue na nini. PDF inafunguka karibu kila mahali, ila inaikata peji kuwa karatasi, na kitu kilichokuwa kinasonga kinalala. Na skrinishoti, manze, haina hata linki. Miaka mitatu baadaye utajuaje ilitoka wapi?

Sasa fikiria Ushahidi. Desemba 30, 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye, Januari 3, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani. Yeye na wenzake, akiwemo David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, wakaanzisha tovuti ndani ya siku chache tu. Mwananchi anatuma ripoti, inawekwa kwa ramani. Mwisho wa mwezo huo huo vurugu zikawaka Nakuru na Naivasha. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini.

Ungesevu aje ramani kama hiyo? Ramani ya mtandaoni huchorwa kwa vipande vinavyoletwa kutoka seva nyingine kila ukisogeza kidole. Ukichukua HTML peke yake unaweza kubaki na mstatili mweupe. Skrinishoti inakupa vidoti bila maneno. Kwangu mimi, cha kuokoa ni jedwali lililo chini yake: tarehe, mahali, kilichoripotiwa. Faili ya CSV, ambayo haina urembo wowote, ndiyo ingebeba ushuhuda wenyewe.

Internet Archive, iliyoanza 1996, huweka kurasa kwa WARC, aina ya faili inayotunza jibu la seva vile lilivyokuja, pamoja na saa lilipokuja. Hapo wako mbele yetu sote. Lakini hata roboti yao hukosa vitu vinavyotokea tu baada ya mtu kubonyeza.

Ripoti ya TJRC, ile tume ya ukweli, haki na maridhiano, ilikabidhiwa Rais Mei 21, 2013. Mojawapo ya mahali unapoweza kuidownload kwa PDF ni maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, kwa sababu Ronald Slye, mmoja wa makamishna, anafundisha sheria huko. Nashukuru ipo. Lakini inaniuma kidogo kwamba machungu ya Rift Valley nayavuta na bando kutoka Seattle.

Siku hizi peji ikinigusa naiweka mara tatu: MHTML yangu, PDF ya kutuma, na linki ya Wayback Machine. Jina la faili lazima liwe na tarehe na tovuti.

Juzi nilimwonyesha mama moja ya hizo PDF. Akasoma kimya, halafu akaniambia hema letu lilikuwa karibu na geti, na mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia upande wa miguu. Nikamuuliza kama naweza kurekodi. Akafikiria kidogo, akasema niweke simu mezani. Dakika 41. Iko kwa simu, kwa fleshi na kwa laptop ya binamu.