Mtumishi Alitangulia, Mtoto Akafuata: Historia ya Njia za Madai baada ya Uvujaji wa Taarifa za Shule Nchini Marekani, 1974–2025

Tarehe 7 Januari 2025 mamlaka za shule nchini Marekani na Kanada zilianza kuarifiwa na kampuni ya PowerSchool ya California, inayotunza rekodi za wanafunzi kwa niaba ya shule, kwamba taarifa zao zimeibwa. Kati ya tarehe 19 na 28 Desemba 2024, mdukuzi aliyekuwa na nywila ya wizi aliingia katika lango la huduma kwa wateja la kampuni hiyo. Alichukua majina, anwani na tarehe za kuzaliwa, na kwa baadhi ya watu hata taarifa za afya na namba za Hifadhi ya Jamii. Alidai kuwa na rekodi za wanafunzi zaidi ya milioni 62 na walimu wapatao milioni 9.5. Mzazi au mwalimu aliyepokea barua ya namna hiyo alikabiliwa na swali moja: sasa aende wapi kudai haki yake?

Majibu mengi ya swali hilo huanzia kwenye Sheria ya Haki za Familia na Faragha katika Elimu ya mwaka 1974. Makala haya yanadai kuwa sheria hiyo haikuwa njia ya madai, wala haikutungwa iwe hivyo. Milango iliyopo leo ilifunguliwa nje ya sheria za elimu, na waliobisha hodi kwanza walikuwa watumishi waliotetea taarifa za ajira zao. Familia zilifuata baadaye, tena kwa kuchechemea.

Sheria ya 1974 ilisainiwa na Rais Gerald Ford tarehe 21 Agosti mwaka huo. Seneta James Buckley wa New York aliiingiza kama marekebisho wakati wa mjadala ndani ya Seneti, bila kupitia vikao vya kamati. Hofu ya wakati ule haikuwa juu ya mwizi wa mbali. Ilikuwa juu ya ofisa wa shule anayeandika maoni kuhusu mtoto katika jalada ambalo mzazi haruhusiwi kulisoma, kisha akalionesha kwa polisi au mwajiri. Ndiyo maana haki zilizotolewa ni za kulisoma jalada, kuomba lisahihishwe, na kuombwa ridhaa kabla halijatolewa. Adhabu nayo ilifuata mantiki hiyohiyo: shule yenye sera au desturi ya kutoa rekodi bila ridhaa ingeweza kunyimwa fedha za serikali kuu. Mtu akiiba rekodi usiku kupitia kompyuta, ni vigumu kusema shule ilikuwa na sera ya kuzitoa. Hata kama uzembe wake ungethibitishwa, adhabu hiyo ingewaumiza kwanza watoto walewale walioibiwa.

Kwa takribani miaka ishirini na minane wanasheria walijaribu kuipindisha sheria hiyo iwe ya fidia. Jaribio hilo lilifika kikomo katika kesi ya Chuo Kikuu cha Gonzaga. Mwanafunzi aliyetaka kuwa mwalimu alinyimwa cheti cha maadili baada ya ofisa wa chuo kusikia tetesi juu yake na kuzifikisha kwa mamlaka ya jimbo la Washington. Jopo la raia waamuzi lilimpa dola 1,155,000, na kati ya hizo dola 450,000 zilitokana na kuvunjwa kwa Sheria ya 1974. Tarehe 20 Juni 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ililitengua dai hilo. Jaji Mkuu William Rehnquist alieleza kuwa maneno ya sheria yanamwelekeza Waziri wa Elimu jinsi ya kugawa fedha, wala hayampi mtu binafsi haki anayoweza kuidai mahakamani. Tangu siku hiyo mzazi amebaki mlalamikaji mbele ya wizara, si mdai mbele ya hakimu. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa: malalamiko yanaweza kuibana shule, lakini hayamrudishii mzazi hata senti moja.

Mwaka huohuo jambo jingine lilitokea Sacramento. Mwezi Aprili 2002 wadukuzi waliingia katika Kituo cha Data cha Teale, kilichotunza orodha ya mishahara ya watumishi wapatao 265,000 wa serikali ya California. Watumishi hao waliarifiwa wiki kadhaa baadaye. Hasira iliyofuata ilisukuma sheria ya kwanza nchini humo iliyoamuru kwamba aliyeibiwa taarifa aambiwe, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2003. Majimbo mengine yaliiga, na kufikia mwaka 2018 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Hata hivyo, sheria ya California ilizibana kampuni na idara za jimbo tu. Mamlaka za serikali za mitaa, zikiwemo zile za shule, ziliongezwa kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2014. Kwa zaidi ya miaka kumi mtumishi wa jimbo alilindwa na wajibu ambao shule ya mwanawe haikuwa nao.

Mlango wa pili, ule wa uzembe, nao ulifunguliwa na watumishi. Wafanyakazi wa UPMC, taasisi ya hospitali ya Pittsburgh, walimshitaki mwajiri wao baada ya taarifa za watu wapatao 62,000, waliopo na waliokwisha kuondoka, kuibwa na baadhi yake kutumiwa kuwasilisha marejesho ya kodi ya uongo. Mahakama za chini zilikataa kuwa mwajiri alikuwa na wajibu wowote wa uangalifu. Mwezi Novemba 2018 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kinyume: mwajiri anayemlazimisha mtu kutoa taarifa ili apate kazi, kisha akaziweka katika kompyuta zilizounganishwa na intaneti bila kinga ya kutosha, ndiye aliyeitengeneza hatari na anapaswa kuwajibika. Uamuzi huo unalifunga jimbo moja tu. Mantiki yake, hata hivyo, inamfaa mwalimu moja kwa moja. Ingemfaa mtoto zaidi, maana mwalimu angeweza kukataa kazi, ilhali mtoto analazimishwa na sheria kwenda shule.

Hapo ndipo suala la madhara linapoingia. Katika kesi ya TransUnion ya mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwagawa wadai 8,185 mafungu mawili. Wale 1,853 ambao taarifa zao za uongo zilipelekwa kwa watu wengine waliruhusiwa kudai fidia. Wengine 6,332, ambao taarifa zao zilibaki katika majalada ya kampuni, hawakuruhusiwa. Hatari ya kesho peke yake haikutosha kudai fidia ya leo katika mahakama za shirikisho. Kanuni hiyo, ijapokuwa haikutungwa kwa ajili ya shule, inamwelemea mtoto kuliko mtu mzima. Mwalimu ambaye namba yake imetumika kudanganya mamlaka ya kodi hugundua ndani ya msimu mmoja. Mtoto wa miaka minane hana mkopo wala marejesho ya kodi. Huenda asijue hadi aombe mkopo wake wa kwanza akiwa na miaka 18. Kwa kulinganisha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja waziwazi kuwa madhara yanayofidiwa yanajumuisha mfadhaiko usio na hasara ya fedha. Bunge la Nairobi liliandika katika sheria jambo ambalo mahakama za Marekani bado zinavutana juu yake.

Kuishitaki shule yenyewe kuna mtego mwingine. Shule za umma ni sehemu ya serikali, na majimbo huzikinga kwa masharti ya taarifa ya awali: California kwa kawaida hutoa miezi sita kwa madai ya madhara ya mtu binafsi, na New York siku 90. Katika majimbo mengi ukomo wa muda wa kesi husimama hadi mtoto atimize utu uzima, lakini muda wa taarifa ya awali si lazima usimame naye. Familia inayosubiri kuona kama madhara yatatokea inaweza kukuta mlango umeshafungwa. Ndiyo sababu moja ya madai kuelekezwa zaidi kwa kampuni zinazotunza rekodi, ingawa mzazi hakusaini mkataba wowote nazo.

Palipo na sheria mahususi za wanafunzi, mwenye upanga amekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Sheria ya New York ya mwaka 2014 inatamka wazi kuwa haimpi mtu binafsi haki ya kuishitaki idara ya elimu au taasisi ya elimu. Taarifa za wanafunzi wapatao 820,000 wa jiji la New York, waliopo na waliopita, zilipoguswa katika uvamizi wa kampuni ya Illuminate Education, shauri la serikali liliisha Novemba 2025 kwa maafikiano ya dola milioni 5.1 na majimbo ya New York, California na Connecticut. Fedha hizo ni za majimbo, si za familia.

PowerSchool ililipa kikomboleo na kuoneshwa video ya taarifa zikifutwa. Mwezi Mei 2025 shule za North Carolina na Toronto zilipokea vitisho vipya vilivyotumia taarifa zilezile. Kijana wa miaka 19 wa Massachusetts alikiri kosa, na Oktoba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka minne na kuamriwa kulipa takribani dola milioni 14. Texas imeishitaki kampuni hiyo, na kesi za familia, walimu na mamlaka za shule zimekusanywa katika mahakama ya shirikisho huko San Diego. Wakati mashauri hayo yakisubiriwa, kilicho mkononi mwa mzazi bila wakili ni sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Septemba 2018, inayomruhusu kufunga bila malipo rekodi ya mikopo ya mtoto wa chini ya miaka 16. Lazima aandikie kila taasisi ya taarifa za mikopo peke yake, akiambatisha cheti cha kuzaliwa na namba ileile iliyoibwa.