Oili, Presha na Vali: Historia Fupi ya Istilahi za Injini ya Gari

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kundi dogo la istilahi za ufundi wa magari, yaani zile zinazohusu presha ya oili na kelele za vali katika injini ya gari la zamani. Kundi hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni istilahi zilizozaliwa gerejini, wala si katika kamati. Kwa hiyo zinatuonyesha jinsi wasemaji wenyewe wanavyounda maneno wanapoyahitaji. Pili, kosa la tafsiri katika uwanja huu lina gharama. Mwalimu akikosea jina la ua, mwanafunzi atasahihishwa kesho yake. Lakini mfasiri wa kitabu cha matengenezo akikosea neno moja, dereva anaweza kuiua injini ndani ya dakika chache, huku akiamini kwamba amefuata maagizo.

Injini zilizotangulia istilahi

Gari la moto si geni katika nchi zetu. Agosti 1907 Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, katika pwani ya magharibi, Mei 1909. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 malori madogo ya Ford yalitumika sana katika mapigano ya Afrika Mashariki. Baada ya vita ya pili ulikuja Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951, ulioleta matrekta mengi huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kila tukio la namna hii lilihitaji madereva na mafundi, na mafundi hao walihitaji maneno.

Maneno waliyoyapata yalitoka katika ghala tatu. Ghala ya kwanza ni lugha yenyewe na kazi zake za zamani: mabaharia walikuwa na usukani kabla gari halijafika, nalo gari likaurithi. Ghala ya pili ni maneno ya kigeni yaliyokwisha kuzoeleka: gari lenyewe ni neno la Kihindi, na bomba ni la Kireno. Ghala ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote katika ufundi huu, ni Kiingereza cha karakana: injini, breki, gia, klachi, spana, pistoni, beringi, vali na oili.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishughulika zaidi na tahajia, vitabu vya shule na kamusi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Serikali ya Tanzania iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Ni dhahiri, basi, kwamba msamiati wa gereji ulikuwa umekwisha kukomaa kwa miaka mingi kabla ya chombo chochote kupewa kazi ya kuusanifisha. Mwanaistilahi anayeingia gerejini leo haingii katika nyumba tupu. Anaingia katika nyumba yenye wenyewe.

Mafuta na oili

Neno mafuta ni la asili ya Kibantu, na maana yake ni pana mno. Tuna mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, mafuta ya taa na mafuta ya kujipaka. Gari lilipokuja, neno hili lilichukua pia petroli na dizeli, hata leo dereva asemapo “naenda kuweka mafuta” hakuna anayemwelewa vingine. Kwa hiyo kile kilainishi kinachozunguka ndani ya injini kilikosa jina lake, na mafundi wakakiita oili.

Wapo wanaoona kwamba oili ni neno la kupita, na kwamba mafuta yanatosha. Hebu tuangalie matokeo ya maoni hayo. Katika dashibodi ya magari mengi ya zamani mna taa nyekundu inayowaka presha ya oili inaposhuka mno. Mfasiri akiandika “taa ya mafuta ikiwaka, ongeza mafuta,” ameleta maangamizi matatu katika sentensi moja. Taa ya mafuta, kwa Mswahili, ni ile ya utambi. Kuongeza mafuta ni kwenda kituo cha petroli, na gari litakwenda huko likiendeshwa bila utando wa oili katika beringi zake. Tena, hata kama dereva ataelewa kwamba inatajwa oili, si kila mara taa hiyo inamaanisha kwamba oili imepungua. Kilichopungua ni presha.

Mkanganyiko huu wa kiasi na presha yamkini una historia yake. Ford ya aina ya T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927, haikuwa na pampu ya oili wala geji ya presha. Oili ilirushwa na sehemu zinazozunguka, ikashuka yenyewe. Fundi alifungua vikoki viwili vilivyo chini ya injini ili ajue oili imefikia wapi. Katika injini kama ile, swali lilikuwa moja tu: oili ipo au haipo? Pampu ilipokuja likazaliwa swali la pili, nalo ni hili: oili iliyopo inafika inakotakiwa, na kwa presha gani? Lugha ya barabarani ilibaki na swali la kwanza, na mfasiri hana budi kulirudisha la pili.

Presha, shinikizo na kanieneo

Kwa dhana hii tunayo maneno manne yanayogombania kiti kimoja. Kanieneo limeundwa kwa kani na eneo, nalo linaeleza dhana kwa usahihi kamili: kani inayogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Shinikizo limepata makao katika tiba, tunaposema shinikizo la damu. Mgandamizo hutumika aghalabu kwa hewa inayosongwa ndani ya silinda. Presha ni neno la fundi.

Presha ina kasoro moja inayostahili kutajwa. Katika usemi wa kila siku mtu “mwenye presha” ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni presha kuzidi. Katika injini mambo ni kinyume: malalamiko ya kawaida ni presha kupungua, na injini yenye presha ndiyo nzima. Kwa hiyo haifai mfasiri aandike “injini ina presha” na kuachia hapo. Hana budi kusema presha imeshuka au imezidi, na imepimwa injini ikiwa baridi au ya moto.

Sharti hilo la mwisho si la urembo. Pampu haitengenezi presha. Pampu husukuma oili, na presha hutokana na ugumu wa oili hiyo kupita katika mianya midogo. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na presha hushuka. Beringi zikilika, mianya hupanuka, oili hupita kwa urahisi, na presha hushuka zaidi. Ndiyo maana geji ya presha humweleza fundi hali ya beringi asizoweza kuziona. Geji ya mshale inatokana na uvumbuzi wa Eugène Bourdon wa Ufaransa mwaka 1849: mrija uliopindwa hujinyoosha kidogo presha inapopanda, ukasukuma mshale.

Kwa Land Rover za zamani zenye injini ya petroli ya lita 2.25, zilizojulikana sana katika idara za serikali, kipimo cha kawaida ni paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa ya moto na gari likienda maili 30 kwa saa katika gia kubwa. Mafundi wa nchi nyingi wana kanuni nyepesi zaidi: paundi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Mfasiri asibadili vipimo hivi bila kuangalia geji iliyomo garini. Fundi mwenye geji ya paundi hasaidiwi na kitabu kinachotaja kilopascal peke yake, ingawa paundi moja kwa inchi ya mraba ni takriban kilopascal 6.9.

Vali moja, maana nyingi

Asili ya neno vali ni ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa ubao wa mlango unaofunguka na kufunga. Hivyo wanaopendelea kusema kilango hawakupotea. Wamefuata njia ile ile ya mawazo. Hata hivyo vali limeenea, ni fupi, na linakubali sauti za Kiswahili bila taabu.

Tatizo ni kwamba katika gari moja zimo vali za kazi mbalimbali. Zipo vali za silinda, zinazoingiza hewa iliyochanganyika na petroli na kutoa moshi. Ipo pia vali ndogo katika mfumo wa oili, ambayo kazi yake ni kuifungulia njia oili presha inapozidi. Vali hii ndogo ikikwama wazi kwa uchafu, presha hushuka hata kama beringi zote ni nzima, na dawa yake ni kuifungua na kuisafisha. Kitabu cha Kiingereza huweza kusema tu kwamba vali ikaguliwe, kwa kuwa msomaji wake anaona mchoro. Mfasiri akiandika “angalia vali” pasipo mchoro, fundi atafungua silinda hedi: kazi ya siku nzima na gasketi mpya, ilhali dosari ilikuwa katika kitu kinachoshikika kwa vidole viwili. Tunapendekeza hii ya pili iitwe daima vali ya kupunguzia presha, na zile za kwanza vali za silinda.

Kugogota, kugonga na kunoki

Hapa ndipo lugha yetu ina utajiri usiotumiwa. Injini ya zamani hutoa kelele za namna mbili zinazochanganywa sana. Ya kwanza ni nyepesi, ya haraka, kutoka juu ya injini. Hutokea mwanya wa tapeti unapokuwa mkubwa mno. Katika Land Rover tuliyoitaja mwanya huo ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Ya pili ni nzito, kutoka chini, na huzidi injini inapobeba mzigo. Hiyo ni ya beringi. Zinatofautiana hata kwa mwendo. Katika injini ya mipigo minne kila vali hufunguka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kelele ya vali moja hupiga nusu ya mwendo wa injini.

Vitabu vingi vilivyotafsiriwa huita zote “kelele” au “mlio,” na fundi anabaki gizani. Lakini Mswahili anajua tofauti ya kugogota na kugonga. Kigogota, yule ndege wa kutoboa miti, hagongi. Anagogota, kwa pigo jepesi la mfululizo. Vali zinagogota, beringi zinagonga. Maneno hayo mawili yanatosha kumweleza fundi aanzie juu au chini.

La tatu ni kunoki. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kugonga, lakini gerejini maana imesogea: injini iliyonoki si injini inayotoa kelele, bali ni ile iliyokwisha kufa. Neno lilichukuliwa kama jina la dalili, likawa jina la msiba. Mfasiri anayekuta onyo kwamba injini inagonga, akaandika kwamba imenoki, amemwambia mwenye gari kwamba muda wa kuokoa umepita. Kunoki libaki na maana waliyolipa wasemaji.

Yafaa pia tuonye juu ya neno kimya. Wengi hudhani injini isiyogogota ni nzima. La hasha. Mwanya ukibanwa kupita kiasi vali haigogoti kabisa, lakini haifungi sawasawa. Moshi wa moto huipitia hadi ikaungua. Vivyo hivyo oili nzito huweza kunyamazisha injini iliyochoka na kupandisha mshale wa geji, na mwuzaji asiye mwaminifu hulijua hilo. Kwa hiyo agizo la “ondoa kelele” si tafsiri salama, sahihi ni “rekebisha mwanya ufikie kipimo.”

Mpangilio wa uchunguzi

Mbali na istilahi, mfasiri hulinda mpangilio. Kwanza injini izimwe. Pili, oili ipimwe kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare. Tatu, ikiwa oili inatosha, ifungwe geji ya mshale ili ijulikane kama dosari ni ya presha au ni ya taa na waya zake. Nne, vikaguliwe vali ya kupunguzia presha na chujio. Mwisho kabisa zifunguliwe beringi. Mpangilio huu unatoka kwenye gharama ndogo kwenda kubwa. Kuupindua ni kumtoza mwenye gari fedha bila sababu.

Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo katika vitabu vya matengenezo na mafunzo ya ufundi:

Oili: kilainishi cha injini. Mafuta yaachiwe petroli na dizeli.
Presha ya oili: kanieneo ya oili ndani ya njia zake. Vitabu vya fizikia viendelee na kanieneo, vikitaja presha kama jina la gerejini.
Kiasi cha oili: wingi unaopimwa kwa kijiti, kisichanganywe na presha.
Taa ya presha ya oili: badala ya taa ya mafuta.
Vali ya silinda, vali ya kupunguzia presha: zisifupishwe kuwa vali tu pasipo mchoro.
Mwanya wa tapeti: nafasi inayopimwa kwa vibamba vyembamba.
Kugogota: kelele nyepesi ya vali. Kugonga: kelele nzito ya beringi. Kunoki: kufa kwa injini.

Maneno haya karibu yote tayari yamo vinywani mwa mafundi. Kilichobaki ni kuyapa mipaka, na kuhakikisha kwamba kitabu, mwalimu na gereji vinasema jambo moja. Wasomaji wenye maneno mengine yanayotumika katika gereji za sehemu zao wanaombwa wayapeleke kwa mhariri, pamoja na maelezo ya kitu kinachotajwa na sentensi moja ya mfano.