Printa haionekani nyumbani? Usikimbilie kuzima ulinzi

Nyumbani kwetu tuna kompyuta mbili na printa moja. Printa imechomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni, na binti yangu huchapisha kutoka kwa laptopu yake chumbani kupitia waifai. Usiku mmoja laptopu ilikataa kuiona printa, na asubuhi yake alikuwa apeleke barua ya kuomba kazi. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani. Dakika kumi tu, barua ikatoka.

Wiki iliyofuata jirani wa ghorofa ya chini, ambaye tunachangia naye waifai, akaniambia: "Baba Salma, mbona hati ya nyumba yako naiona kwenye kompyuta yangu?"

Kijana alikuwa amezima ukuta wa ulinzi, ameondoa neno la siri, na ameifungua diski nzima kwa kila aliye kwenye mtandao. Bahati yangu jirani ni mtu mwema.

Tangu hapo nimejifunza kuitafuta hitilafu mwenyewe, kwa utaratibu ufuatao. Ni kwa wanaotumia Windows 10 na 11.

1. Je, kompyuta yenye printa iko macho? Ikizimwa au ikilala, printa hupotea kwa wengine wote.

2. Je, zote ziko kwenye mtandao mmoja? Katika kila kompyuta fungua cmd, uandike ipconfig, kisha utazame anwani ya IPv4. Kwa kawaida ya nyumbani, sehemu tatu za mwanzo hufanana, mfano 192.168.1.5 na 192.168.1.9. Zikitofautiana, huenda moja imeshika rauta nyingine. Ukiona 169.254 mwanzoni, kompyuta hiyo haikupewa anwani. Zima rauta uiwashe tena. Waifai ya wageni nayo huzuia vifaa kuonana, hata kama intaneti inafanya kazi.

3. Je, mtandao umehesabiwa kuwa wa nyumbani? Fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Properties za mtandao wako. Palipoandikwa Public, kompyuta hujificha kama vile iko mkahawani. Chagua Private. Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu: tulikuwa tumebadilisha rauta, na Windows ikauona mtandao huo kuwa mgeni. Dawa ilikuwa kubonyeza mara moja tu.

4. Je, inapatikana kwa nambari? Kwenye kisanduku cha anwani cha folda, andika \\ na jina la kompyuta yenye printa. Jina likikataa, weka nambari, mfano \\192.168.1.5. Nambari ikikubali, basi muunganisho ni mzima. Shida iko kwenye jina.

5. Je, una ruhusa? Neno la siri linaloulizwa ni la akaunti ya kompyuta yenye printa, si la laptopu uliyoshika. PIN ya kufungulia haikubaliki, na akaunti isiyo na neno la siri kwa kawaida hukataliwa. Kwa faili kuna ruhusa mbili, ya kushea na ya folda yenyewe. Iliyo kali zaidi ndiyo inayofuatwa.

Kama printa yako ina waifai yake, umeme ukikatika na kurudi huenda rauta ikaipa nambari mpya, huku kompyuta zikiitafuta kwa ile ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uihifadhie nambari moja.

Mwisho, ukishea, shea folda moja unayoihitaji, wala si diski nzima. Mimi nimerudisha ukuta wa ulinzi na neno la siri, na jirani nimemfungulia waifai ya wageni. Intaneti anapata kama kawaida, ila hati yangu haioni tena. Nawe ukimwita fundi, kabla hajaondoka muulize alichozima, na umwombe akiwashe mbele yako.