Wakili wa Drum

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1869, mkulima Charles Burden alisikia mlio wa bunduki kutoka upande wa shamba la shemeji yake, Leonidas Hornsby. Wawili hao walikuwa majirani karibu na Kingsville, magharibi mwa jimbo la Missouri, Marekani. Burden akapuliza pembe kuwaita mbwa wake wa kuwinda. Wote walirudi isipokuwa Drum, aliyempenda kuliko wengine. Baadaye maiti yake ilionekana kando ya kijito cha Big Creek.

Hornsby naye alikuwa na uchungu wake. Kwa maelezo yake, kondoo wake zaidi ya 100 walikuwa wameuawa na mbwa wa kuzurura, hata akaapa kwamba mbwa yeyote atakayeingia shambani kwake atapigwa risasi. Usiku ule alimwamuru Samuel Ferguson, kijana aliyeishi nyumbani kwake, afyatue. Utetezi ukawa kwamba bunduki ilijazwa punje za mahindi tu, na kwamba aliyepigwa alikuwa mbwa mwingine.

Shemeji wakafikishana mahakamani. Jopo la raia lililosikiliza shauri kwanza halikuafikiana. La pili lilimpa Burden dola 25. Hornsby akakata rufaa akashinda, ndipo Burden akapata ushahidi mpya na shauri likafunguliwa tena. Septemba 1870, mjini Warrensburg, kesi ya mbwa mmoja ikasikilizwa kwa mara ya nne.

Tazama waliosimama siku hiyo. Upande wa Hornsby walikuwa Thomas Crittenden, aliyekuja kuwa gavana wa Missouri, na Francis Cockrell, seneta wa baadaye. Upande wa Burden walikuwa John Philips na George Graham Vest. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu iliyopita. Crittenden na Philips walipigana upande wa serikali ya Muungano. Cockrell alikuwa jenerali wa waasi wa Kusini, na Vest alikaa katika bunge la waasi hao. Sasa kila meza ilikuwa na mtu mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule.

Vest alizungumza mwishoni. Katika sehemu ya hotuba yake iliyohifadhiwa, Drum hatajwi hata kwa jina. Hakuna risasi, hakuna kijito, hakuna kondoo. Vest alizungumzia binadamu: rafiki anayeweza kugeuka adui, watoto waliolelewa kwa upendo wakakosa shukrani, mali inayopotea siku inapohitajika zaidi, na wale waliosujudu mbele ya mwenye heshima kuwa wa kwanza kumtupia mawe akianguka. Kisha akamweka mbwa kando ya bwana wake katika ufukara, katika maradhi, na mwishowe kaburini, baada ya wengine wote kwenda zao.

Ustadi wake mkubwa, naamini, ni kule kuanza na usaliti kabla ya kufika kwa mbwa. Mpaka wa Missouri na Kansas ulikuwa umeona jirani akichoma nyumba ya jirani, na ndugu akibeba bunduki dhidi ya ndugu. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa kwamba rafiki hugeuka. Vest alilitaja jeraha lao, kisha akawapa kitu ambacho vita havikuweza kukichafua. Simulizi za siku hiyo zinasema watu walilia. Jopo likampa Burden ushindi na dola 50.

Vest alikuwa seneta tangu 1879 hadi 1903, lakini anakumbukwa kwa hotuba hii kuliko kwa yote aliyoyafanya Washington. Mwaka 1958 sanamu ya Drum ilisimamishwa mbele ya mahakama ya Warrensburg.

Hata hivyo si haki kuyapa machozi ushindi wote. Mashahidi walikuwapo, na ni ushahidi mpya uliolirudisha shauri mahakamani. Hornsby alipokwenda Mahakama ya Juu ya Missouri, majaji walikuwa na kumbukumbu za kesi mbele yao, si sauti ya Vest wala vilio vya ukumbini. Mwaka 1872 wakaithibitisha hukumu.