Shule za Ufundi Zilivyofungua Mlango wa Ulaya

Wasomaji, mwajua desturi ya wazazi wengi. Mtoto mwenye akili husemwa: huyu atakuwa karani. Akishindwa masomo: basi, apelekwe kwa seremala. Msidhani dharau hiyo ni ya kwetu tu. Ulaya nako ilikuwako siku nyingi, wala haijaisha. Lakini mataifa ya Ulaya yalipoanza kuungana, shule za ufundi ndizo zilizowafungulia wengine njia.

Zamani kijana wa Ulaya alijifunza kazi nyumbani mwa fundi wake, na vyama vya mafundi viliangalia mapatano yao. Katika mwaka 1791 Ufaransa ilivunja vyama hivyo, ili kila mtu awe huru kufanya kazi aipendayo. Uhuru ni kitu chema, lakini sasa nani atamwangalia kijana, asije akatumiwa kufagia na kubeba mizigo tu? Nchi nyingine nazo zilikuta shida hiyo hiyo.

Mjini München, mwaka 1895, Georg Kerschensteiner, mwalimu wa hesabu, aliwekwa kuwa mkuu wa shule za mji. Aliwakuta vijana waliokwisha kuanza kazi wakirudi darasani saa chache kila juma, wakirudia yale waliyoyasoma utotoni. Walichoka nayo, nani asingechoka? Tangu 1900 akawagawa kwa kazi zao, washona viatu peke yao, waoka mikate peke yao, akaweka karakana ndani ya shule. Hilo ni shina mojawapo la desturi ya Wajerumani inayodumu hata leo: siku nyingi za juma kijana yuko kazini kwa bwana wake, siku moja au mbili yuko shuleni. Ufaransa ilishika njia yake, ikaitegemea zaidi shule ya serikali.

Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita zilitia sahihi Mapatano ya Roma: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Luxembourg na Uholanzi. Shule za kawaida kila nchi ilijiwekea mwenyewe. Lakini kifungu cha 128 kilitaka kanuni za pamoja za mafunzo ya kazi. Kwa nini kazi, na masomo mengine yaachwe? Sababu ilikuwa mkate. Italia ilikuwa na watu wengi wasio na kazi. Kwa mapatano ya 1946 maelfu yao walikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, kazi ambayo wengi hawakuijua. Tarehe 8 Agosti 1956 moto wa Marcinelle uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Kama watu watahama nchi hata nchi kutafuta kazi, imepasa wafunzwe, na ufundi wao ujulikane huko waendako.

Mwaka 1963 mawaziri waliandika kanuni kumi. Zilikaa sana katika karatasi, maana kila nchi iliona wivu juu ya desturi yake.

Kisha ikaja kesi ya minervali. Binti mmoja Mfaransa alikwenda Liège kujifunza kuchora hadithi za picha. Akadaiwa minervali ambayo wanafunzi Wabelgiji hawakudaiwa. Tarehe 13 Februari 1985 Mahakama ya Ulaya ilikata neno: kila fundisho linalomtayarisha mtu kwa kazi fulani ni mafunzo ya kazi, hata likichanganyika na masomo mengine, kwa hiyo ni haramu kumtoza mgeni wa nchi hizo malipo asiyotozwa mwenyeji. Mwaka 1988 Mahakama iliyatia humo masomo ya uganga wa wanyama ya chuo kikuu. Na mpango wa Erasmus, ulioanza 1987 kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu kusoma nchi nyingine, nao uliegemea kifungu kile cha 128. Kumbe wanavyuo walipita mlango wa seremala!

Mapatano ya Maastricht ya 1992 yaliitaja elimu yote waziwazi. Elimu ya kawaida ilipewa kifungu cha 126, mafunzo ya kazi cha 127. Aliyefungua mlango akakaa nyuma.

Ugomvi wa heshima ukaendelea. Mwaka 2008 Ulaya iliweka ngazi nane za kulinganisha vyeti. Wajerumani walipopanga vyao mwaka 2012, fundi mkuu, aitwaye Meister, walimweka ngazi ya 6 pamoja na mwenye digrii ya kwanza. Lakini cheti cha kumaliza sekondari, Abitur, kiliwashinda. Wakuu wa shule walikitaka juu ya cheti cha fundi kijana, wakuu wa viwanda na wafanyakazi wakakataa, kikaachwa nje. Mwaka 2017 kiliwekwa ngazi ya 4, sawa na cheti cha kijana aliyejifunza kazi miaka mitatu.