Nyangumi wa Nundu: Njia Isiyo na Alama

Kusi likivuma, kati ya Julai na Septemba, tupa macho nje ya miamba ya Watamu. Mvuke mweupe unaochomoza na kutoweka ni pumzi ya nyangumi wa nundu. Ametoka bahari za barafu karibu na Antaktika, alikonenepa kwa uduvi, akaogelea zaidi ya kilomita 6,000 ili kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Njiani hula kidogo mno.

Anaijuaje njia? Nyangumi 16 waliofungwa vifaa vya setilaiti kuanzia 2003 hadi 2010, katika Atlantiki na Pasifiki ya Kusini, walishika mwelekeo mmoja kwa mamia ya kilomita, mara nyingi bila kupotoka hata nyuzi 1, ingawa mikondo iliwasukuma ubavuni. Nahodha wa jahazi mwenye dira angewaonea wivu. Jua peke yake halielezi unyoofu huo, wala usumaku wa dunia peke yake; huenda hutumia vyote viwili.

Dokezo jingine limetoka kwa jamaa yake, nyangumi wa kijivu wa Pasifiki. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba hukwama ufukoni zaidi siku ambazo jua lina madoa mengi na kelele zake za redio zimezidi, kana kwamba dira yao ya usumaku imezibwa masikio.

Ndama hujifunza kwa kufuata. Ukiona mgongo mdogo ukiibuka kando ya mkubwa, huyo bado hajaiona Antaktika. Mama ndiye atakayempeleka.