Shairi Lisiloimbika: Guillaume Apollinaire na Ushairi wa Picha, 1914–1918

1.0 Utangulizi

Katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), Amri Abedi alilihesabu shairi kuwa wimbo. Tungo isiyoimbika, kwa mtazamo wake, imekosa maana ya kuwa shairi. Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi na Malenga wa Bara (1976) ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi zilichochea ubishi mkali dhidi ya mtazamo huo. Hata hivyo, kiini cha ubishi kilibaki kuwa vina na mizani, yaani mambo yanayopimwa kwa sikio. Namna shairi linavyokaa kwenye ukurasa haikupewa uzito kama huo.

Makala haya yanaliangalia suala hilo kupitia kisa cha Ufaransa, ambako kati ya 1914 na 1918 Guillaume Apollinaire alitunga mashairi yanayosomwa na kutazamwa kwa wakati mmoja. Ushairi wa picha hapa una maana ya utungo ambao maneno yake yamepangwa yakawa umbo la kitu. Hoja inayotetewa ni kwamba picha katika utungo wa aina hii si pambo. Ni sehemu ya sarufi yake, na mhariri au mfasiri anayehifadhi maneno peke yake amehifadhi nusu ya matini.

2.0 Umbo kabla ya 1914

Apollinaire hakuanza kwenye uwanja mtupu. Takriban mwaka 300 KK, Simmias wa Rhodes alitunga mashairi ya Kigiriki yenye maumbo ya yai, mabawa na shoka. Huko Uingereza, diwani ya George Herbert, The Temple (1633), ilikuwa na shairi la mabawa ambamo mishororo hupungua mwanadamu anapodhoofika na kurefuka anapoinuka. Inafaa kusisitizwa kwamba umbo la Herbert lilizaliwa na mizani yenyewe: mshororo ni mfupi kwa sababu silabi zake ni chache. Shairi hilo lina vina na husomeka kwa sauti bila kupotea. Jicho lilikuwa mgeni wa sikio.

Mabadiliko yalianza Mei 1897, Stéphane Mallarmé alipochapisha Un coup de dés katika jarida la Cosmopolis. Humo maneno yalitawanywa kwa herufi za ukubwa tofauti, na nafasi nyeupe baina yake zikawa na kazi ya kimya. Mallarmé, hata hivyo, hakuchora kitu kinachotambulika kwa jina.

3.0 Mshairi na mpanga herufi

Apollinaire, aliyezaliwa Rome mwaka 1880, alikuwa tayari ameondoa alama zote za uakifishaji katika diwani yake ya Alcools (1913). Kazi ya kutenganisha mawazo ikaachiwa mshororo na nafasi. Juni 1914 alichapisha Lettre-Océan katika jarida la Les Soirées de Paris. Katika utungo huo, vipande vya maneno vimetawanyika kama miale kutoka kitovu kinachosimamia mnara wa Eiffel, uliokuwa ukirusha mawasiliano ya redio. Gurudumu hilo halina mwanzo wala mwisho: msomaji anaweza kuingilia popote. Msomaji wa sauti atalazimika kuchagua mpangilio, na kwa kuchagua atakuwa ametunga upya.

Mashairi hayo yalimtegemea pia mtu ambaye jina lake halionekani kwenye jalada. Herufi za risasi ni vipande vyenye pembe mraba, vilivyoundwa kupangwa katika mistari iliyonyooka na kubanwa ndani ya fremu. Kuzipinda au kuzishusha chini kulimtaka mpanga herufi azishughulikie moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Il pleut, lililochapishwa katika jarida la SIC Desemba 1916: mistari mitano inateremka ukurasani, herufi chini ya herufi, kama michirizi ya mvua. Umbo lililomfikia msomaji lilikuwa zao la mikono miwili.

4.0 Saa isiyotafsirika

Uzito wa picha hudhihirika zaidi katika La Cravate et la montre, yaani tai na saa, la mwaka 1914. Kwenye uso wa saa, tarakimu zimeondolewa na mahali pake pamewekwa maneno yanayodokeza idadi: moyo penye 1, macho penye 2, mkono wa vidole vitano penye 5, wiki penye 7. Penye 8 upo ukomo usiofikika uliosimamishwa wima, kwani alama ya hisabati ya kitu kisicho na mwisho ikisimamishwa huwa 8.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama hapa, si kwa uhaba wa msamiati. Mfaransa akiona mshale mfupi penye 2 husema ni saa mbili. Mswahili akiuona hapohapo husema ni saa nane. Macho yakibaki penye 2, yatakuwa mawili yaliyokaa kwenye saa nane. Yakihamishiwa kwenye saa mbili ya Kiswahili, yatakaa penye 8 na kuiondoa alama ambayo dhihaka yake inategemea umbo la tarakimu hiyohiyo. Maneno yote yanafasirika. Kisichofasirika ni mahali yalipokaa. Mahali hapo, basi, ni sehemu ya maana.

5.0 Vita na mwandiko

Vita vilivyoanza 1914 vilizuia kutoka kwa albamu ya mashairi hayo iliyokuwa imekwisha kutangazwa. Apollinaire alijiunga na jeshi la mizinga, na Juni 1915, akiwa mstari wa mbele, alitoa kijitabu cha Case d'Armons katika nakala 25. Zilitolewa kwa jelatini kutokana na maandishi ya mkono. Pasipo mtambo wa chapa, mwandiko uliweza kupinda utakavyo, lakini wasomaji walikuwa wachache. Kijitabu hicho baadaye kikawa sehemu ya tatu kati ya sita za Calligrammes, iliyochapishwa Aprili 1918. Mshairi, aliyekuwa amejeruhiwa kichwani Machi 1916, alifariki Novemba 9, 1918, siku mbili kabla ya silaha kuwekwa chini.

6.0 Hitimisho

Kisa hiki kinagusa pia uhariri wa matini za Kiswahili. Katika miswada mingi ya tendi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama. Matoleo ya chapa kwa hati za Kirumi yameuvunja mstari huo na kuvipanga vipande vinne kimoja chini ya kingine. Tendi hazikukusudiwa kuwa picha, na sikio halikupoteza kitu katika badiliko hilo. Lakini jicho la mwanafunzi wa leo limefundishwa kuuona ubeti kwa umbo ambalo mwandishi wa mswada hakuliandika.

Kauli ya Amri Abedi inabaki kuwa kipimo thabiti cha tungo zilizokusudiwa kuimbwa. Haiwezi kuwa kipimo cha kila shairi. Saa ya Apollinaire haiimbiki, lakini neno lake moja likihamishwa, shairi huharibika kama ubeti uliopotoshwa kina. Penye kanuni inayoweza kuvunjwa, pana utunzi; na uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuusoma ukurasa pamoja na maneno yaliyomo.